Mshale Unaoyumba Hauingii

Bonde la Kickapoo, Wisconsin
14 Novemba 1976

Bibi Lempi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una kuni za kutosha na magoti yametulia. Sisi huku wazima. Theluji bado haijashika ardhi. Kiwandani tunapika jibini kama kawaida, mikono yangu inanuka maziwa hata Jumapili. Duane anakusalimu sana na anakutakia afya njema.

Bibi, nina jambo. Tangu tumzike Baba mwezi wa tatu, upinde wake ninao mimi, uliniona nikiubeba. Mwezi uliopita nilipanda mtini, kwenye mialoni juu ya kijito, na kulungu dume akaja. Alikuwa karibu mno, nilimwona mpaka kope. Nikavuta, nikaachia. Mshale ukamgonga ubavuni kwa sauti ya ngumi mlangoni, ukaingia kiasi cha kidole, ukabaki unaning'inia. Akakimbia nao. Nilifuata damu mpaka kijitoni. Pale nikakuta kipande cha mbele cha mshale, kimevunjika na kigumba chake, ncha ya chuma, na damu imeishia majini. Nilimtafuta kesho yake na kesho kutwa yake. Kisha nikaona kunguru wanazunguka upande wa jirani, nikashindwa kwenda kutazama.

Mwenye duka la silaha anasema ninunue upinde wenye nguvu zaidi. Lakini huu wa Baba nguvu unazo mpaka zinamwagika. Nifanye nini mshale uingie? Bibi, nikimjeruhi mwingine namna ile, sitapanda mtini tena maisha yangu yote. Na hilo ndilo jambo pekee alilonifundisha Baba ambalo bado nalifanya.

Mjukuu wako,
Irja


Ziwa Otter, Michigan
30 Novemba 1976

Irja mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti hayajatulia, wala hayatatulia, usijifanye huyajui. Jirani yangu Waino Lahti ameniletea kuni. Alizipanga kama mtu anayekimbizwa, nikazipanga upya. Ng'ombe amebaki mmoja, ananitazama kama yeye ndiye mwenye nyumba. Theluji imefika dirishani. Kwa Waino usipige simu kuniulizia, mimi kwenye simu nasikia nyuki ndani ya chupa, sisikii mtu. Andika.

Haya. Umemwacha mnyama atembee na jeraha lako mwilini. Hilo sikufunikii. Na kunguru ulipowaona ungekwenda. Aliyekufa kwa mkono wako ana haki ya kuangaliwa na wewe. Nimemaliza kukugombeza, keti ule.

Mimi sijawahi kumlenga kulungu. Lakini kila kulungu aliyeingia ua huu tangu niolewe, mimi ndiye niliyemfungua. Najua mshale ulipita wapi na ulikwama kwa nini, kwa sababu njia yake niliifuata kwa kisu. Kwa hiyo usinisimulie habari za mwenye duka. Nitumie hicho kipande cha mshale. Usifute damu, usikinyooshe. Na uniambie yule dume alisimamaje, kichwa wapi, mguu wa mbele wapi.

Salamu za mumeo Duane nimepokea. Mwambie ana mkono, aandike mwenyewe.

Bibi yako,
Lempi


Bonde la Kickapoo
9 Januari 1977

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Krismasi yetu ilikuwa tulivu. Baridi ni kali, mlango wa jikoni unaganda, kila asubuhi naufungua kwa bega. Sufuria kubwa uliyonipa harusini nimeiweka stoo kwa sasa, ile ndogo inatosha.

Kipande hicho hapo, ndani ya kitambaa. Dume alinipa ubavu, kichwa chini, anakula mbegu za mwaloni. Mguu wa mbele alikuwa ameurudisha nyuma. Desemba sikutoka kuwinda. Upinde wa Baba naupaka nta kila Jumapili, na jioni nauvuta jikoni kujizoeza, mpaka mabega yanatetemeka. Naamini nikipata nguvu zake, mshale utaingia.

Duane anakusalimu sana na anakutakia afya njema.

Irja


Ziwa Otter
6 Februari 1977

Irja,

Mimi nipo. Ng'ombe yupo. Waino aliteleza kwenye barafu mbele ya kanisa, mchungaji akateleza alipokuwa anamwinua, watu wakapata la kuzungumza zaidi ya mahubiri.

Kipande chako nilikiweka mezani, nikakaa nacho mchana kutwa, kukipapasa zaidi ya kukitazama. Mimi herufi nilifundishwa na mama kwenye kitabu cha nyimbo, darasani sikuingia, basi nitakuambia kwa maneno niliyo nayo.

Kigumba hakikati. Nilikipitisha mkononi, hakikunyoa hata unywele mmoja. Chuma cha namna hiyo kinasukuma, na nyama ikisukumwa inakaza, ikikatwa ndipo inafunguka. Kinoe kwa tupa, kisha kwa kinoo, kisha kwenye ngozi ya mkanda, mpaka kinyoe. Kikinyeshewa usiku mmoja, unaanza upya. Hakuna njia ya mkato hapo, na ukichoka ujue kulungu ndiye atakayelipa.

Halafu, wewe unasema ulimgonga ubavuni. Ubavu hautoi sauti ya ngumi mlangoni. Hilo ni bega. Mguu ukirudi nyuma, fupa na mnofu wa bega vinafunika mlango wa mapafu. Ungengoja apige hatua. Mguu ukienda mbele, mlango uko wazi, nyuma kidogo ya kiwiko, na pale ndani hakuna cha kuuzuia mshale ila pumzi. Akiwa amekugeuzia mgongo kidogo ndiyo bora zaidi, mshale unapita ukielekea bega la upande wa pili.

Lakini hata bega lisingeusimamisha vile. Ule mti wa mshale umekwaruzwa upande mmoja tu, na umevunjika mshazari. Mshale wako haukufika kwa ncha, mtoto. Ulifika umelala upande, mkia unatupwa huku na huku kama wa ng'ombe mwenye nzi. Mshale unaoyumba hauingii, hata uurushe kwa mzinga. Nguvu zote zimeishia kwenye kuyumba.

Sasa hapa unikasirikie ukitaka. Uliyumba kwa sababu upinde si wako. Baba yako Reino alikuwa na mikono kama makasia. Wewe una mikono ya mama yako. Unauvuta ule upinde mpaka katikati, mabega yanatetemeka, umeniandikia mwenyewe, halafu vidole vinakimbia kabla hujaviruhusu. Na mishale yake ni migumu, ilichongwa kwa upinde ule uliovutwa mpaka sikioni. Ukivutwa nusu, mti haupindi inavyopaswa, unatoka ukipiga teke. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wanasema. Huu wa Reino si usufi.

Tafuta upinde mwepesi, utakaoufikisha kwenye kona ya mdomo na kuushika hapo huku unavuta pumzi taratibu. Kisha mshale mzito wa mwerezi, uzito uwe mbele, kigumba cha makali mawili. Mshale mwepesi unaondoka mbio na unasimama mbio, kama mgeni mwenye maneno mengi. Mzito unafika na hausimami.

Upinde wa Reino utundike.

Lempi


Bonde la Kickapoo
3 Machi 1977

Bibi,

Vigumba nilivyobaki navyo nimevinoa, vinanyoa. Nimekuelewa kuhusu mguu. Ahsante.

Upinde wa Baba siutundiki. Leo ni mwaka tangu afe, na hakuna aliyeniandikia neno lolote kumhusu, wewe ukiwamo. Umeniandikia kuhusu fupa la bega.

Irja


Ziwa Otter
Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili 1977

Irja,

Nimengoja barua nyingine. Haikuja. Basi naandika mimi, mkubwa haoni haya.

Theluji imeporomoka kutoka paa la sauna, imefunika ndoo yangu nzuri. Waino alikuja kula mkate wa Pasaka, akala na wa kesho.

Jana nilifungua banda la Reino. Tangu mazishi sikuwa nimelifungua. Mlango ulikuwa umevimba, nikausukuma kwa kiuno. Miti ya mishale bado iko juu kwenye boriti, pale alipoilaza ikauke, mwerezi mtupu, imekauka vizuri, ukiigonga inaimba. Kikombe chake kiko dirishani. Sikulia humo ndani. Nilikohoa, kuna vumbi.

Ulitaka neno lake. Nina hili moja. Babu yako Urho alipobaki chini mgodini, Reino alichukua upinde wa baba yake, akakataa kushika mwingine. Vuli mbili aliwinda nao. Ulimzidi, ila ungemwambia nini. Vuli ya pili akamjeruhi dume mkubwa, akalia msituni mpaka nikamsikia nikiwa zizini. Nilimnyang'anya ule upinde, nikautundika chumba cha kuvulia nguo, mlangoni mwa sauna. Hakusema nami mpaka theluji. Kisha akachonga wake, wa mikono yake. Ndio huo unaoupaka nta.

Wa Urho bado uko pale ukutani. Kila Jumamosi Reino alipokwenda kuoga mvuke aliugusa kwa vidole viwili, akapita. Katika nyumba hii marehemu hawapewi kazi, Irja. Wanapewa ukuta.

Unakumbuka moyo wa kulungu wa kwanza wa msimu unakwenda kwa mkubwa wa ukoo. Reino aliniletea ndani ya kofia yake, kila mwaka kofia inaharibika, kila mwaka namgombeza. Vuli iliyopita hakuna aliyeniletea. Nilipika viazi.

Na jambo moja tena. Duane ananitakia afya njema kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Mtu aliye hai hubadilisha maneno.

Lempi


Bonde la Kickapoo
12 Juni 1977

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ngazini, nikaisoma tena ndani, halafu nikakosa cha kufanya na mikono. Nisamehe nilivyonyamaza.

Duane aliondoka Septemba. Hakuna ugomvi wa kusimulia. Alisema nyumba imekuwa kimya tangu nirudi kutoka mazishini, na hawezi kuishi na kimya kile. Sasa amekiacha chote kwangu. Nilipompiga yule dume, alikuwa ameshaondoka. Kwenda msituni nilikwenda kwa sababu kurudi nyumbani ndiko kulikonishinda. Sikukuambia kwa kuwa ungeniambia nije huko, na mimi sikutaka kuja nikiwa nimeshindwa na kila kitu.

Kiwandani yuko mama mmoja, Verna, upinde wake wa ujana alikuwa ameusimika bustanini anaufungia nyanya. Amenipa. Naufikisha kwenye kona ya mdomo na naushika. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, ilikuwa kama kuinua ndoo uliyodhani imejaa.

Ila mishale ya Baba kwenye upinde huu inapiga teke vibaya zaidi. Bibi, kama ile miti ya bandani bado ipo, unaweza kunichongea?

Wa Baba nimeuegemeza pembeni. Kuutundika bado.

Irja


Ziwa Otter
24 Julai 1977

Irja,

Kuhusu Duane nilijua. Sina pole ya kukupa, nina mishale. Nyumba yenye kimya si ugonjwa, mimi naishi ndani yake na ng'ombe. Lakini mwanaume anayekikimbia kimya cha mfiwa, mwache akimbie, atakikuta mbele.

Mishale imo kwenye boksi. Nimechagua miti laini kidogo, inayopinda kwa upinde mwepesi, nikainyoosha juu ya jiko. Manyoya ni ya bata mzinga wa Waino, yote ya bawa la upande mmoja, usichanganye. Vigumba ni vile vizito vya Reino. Jaribu kwanza kwa mshale usio na manyoya, upige kwenye robota la nyasi kavu. Ukisimama na mkia umeangalia pembeni, ongeza uzito kidogo mbele au punguza, mpaka mkia ukuangalie wewe. Mshale uchi hausemi uongo. Ukinyooka ukiwa uchi, ukivaa manyoya utapita popote.

Barua hii ni fupi. Mkono umelala.

Lempi


Bonde la Kickapoo
5 Septemba 1977

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sasa inasimama, Bibi. Mkia unaniangalia mimi. Kwenye robota inazama mpaka manyoya, nalazimika kuivuta kwa mguu. Verna alikuja kutazama, akasema aliyechonga mishale hii aje aolewe na kaka yake. Nikamwambia utamnyanyasa.

Sasa niambie ukweli. Kwenye mishale miwili manyoya yamefungwa upande, na mmoja una unyoya uliogeuzwa, mbele nyuma. Nimeifunga upya, haina neno. Lakini wewe ulikuwa unanifumulia soksi nzima kwa tundu moja lililokosewa. Na bahasha yako, jina langu limepanda mpaka kwenye stempu. Macho yako vipi?

Irja


Ziwa Otter
18 Septemba 1977

Irja,

Macho yangu yako mahali pake, moja kila upande wa pua. Majani yameanza kuwa mekundu, Waino ameniambia.

Msimu umefunguliwa. Usihangaike na mimi. Panda mtini upepo ukiwa usoni. Ngoja mguu uende mbele. Kama huupendi mguu ulivyo, mwache aende zake, hata akipita chini yako mara ngapi. Kumwacha si kushindwa. Ini ulikaange na vitunguu jioni hiyo hiyo.

Moyo unajua ni wa nani.

Lempi


Bonde la Kickapoo
23 Oktoba 1977

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Ulisema niangalie, nimeangalia, nakusimulia.

Wa kwanza nilimwacha. Alikuwa na pembe nzuri, lakini mguu aliurudisha nyuma akasimama hivyo kama aliyeambiwa, kisha akaondoka. Niliteremka mtini nikiwa nimekasirika na nimeridhika pamoja.

Jana akaja jike mkubwa, peke yake, kwenye mialoni ile ile. Alisimama muda mrefu akinusa. Niliushika upinde kwenye kona ya mdomo, na mikono haikutetemeka, Bibi. Akapiga hatua. Mguu ukaenda mbele. Sikumbuki kuachia. Sauti haikuwa ya ngumi, ilikuwa kama mtu anayefungua shuka. Jike alishtuka kidogo kama kaumwa na nzi, akatembea hatua chache, akageuka kutazama alikotoka, akalala chini. Nilipoteremka nikauona mshale kwanza. Ulikuwa umempita wote, umesimama ardhini upande wa pili, wima, umelowa.

Nilikaa naye. Nilimshika shingo mpaka joto likapungua. Halafu nikaanza kuzungumza, na nikagundua nazungumza na Baba, namwambia kuhusu mguu. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kuisikia sauti yangu ikizungumza nikiwa peke yangu.

Nyama imening'inia bandani. Ini nimekaanga, nimekula kwenye sufuria ile kubwa, nimeitoa stoo. Moyo nimeuosha, nimeufunga kwa kitambaa safi, uko kwenye barafu. Posta wanasema nyama isiyokaushwa hawapokei. Nikutumieje?

Irja


Ziwa Otter
30 Oktoba 1977

Irja mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa na Waino. Anasoma kama anapasua kuni, lakini alipofika pale mshale umesimama ardhini, alivua miwani, akaivaa upya. Nilimwambia arudie hapo. Alirudia mara mbili, kisha nikamfukuza.

Haya, ulitaka ukweli. Jicho la kushoto limezima tangu mwaka jana. La kulia linaona mwanga na mlango. Mishale yako nilichonga kwa vidole. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kwa huruma, na mimi huruma sili. Hii naandika mwenyewe, mistari ikipanda mlima uifuate tu.

Moyo hautumwi kwa posta. Haujawahi kutumwa. Moyo huletwa, kwa mkono, ndani ya kofia, na anayeuleta anagombezwa mlangoni. Basi acha kuwauliza watu wa posta ujinga. Njoo nao. Umeua vizuri, hakuna atakayesema umekuja umeshindwa, na akisema nitampiga na kipande cha kuni nikimkosa nimpige tena. Kitanda cha Reino nimekitandika. Sauna nitaiwasha Jumamosi, na Jumamosi nyingine, mpaka nisikie gari.

Lete na upinde wake. Karibu na ule wa Urho nimegongomea msumari. Niliugongomea kwa kupapasa, kidole gumba kimevimba, lakini nimeuvuta kwa mikono miwili, hautoki.

Bibi yako,
Lempi